Kutoka Udongo wa Mwanza hadi Jenomu: Namna ya Kutafuta Bakteria Wanaotengeneza Viuavijasumu

Dawa nyingi za kuua bakteria (viuavijasumu) zinazotolewa katika zahanati na hospitali zetu zina asili ya udongo. Streptomisini, dawa ya kwanza ya aina hiyo kufaa dhidi ya kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, ambako mwanafunzi wake Albert Schatz aliwatenga bakteria waitwao Streptomyces griseus. Kloramfenikoli ilitokana na udongo wa Venezuela, erithromisini na udongo wa Ufilipino, na rifampisini, ambayo hadi leo ni mhimili wa matibabu ya kifua kikuu, ilianzia kwa bakteria wa udongo wa msitu wa misonobari nchini Ufaransa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo, fundi sanifu wa maabara au mwalimu wa baiolojia aliyeko Mwanza au mahali pengine kandokando ya Ziwa Viktoria, mwenye maabara ya kawaida na bajeti ndogo. Nimeupanga kama mchujo, kwa kuwa kila hatua ina kazi ya kupunguza idadi ya bakteria wanaoendelea mbele, ili fedha za kusoma jenomu (yaani DNA yote ya kiumbe), ambazo ndizo nyingi kuliko zote, zitumike kwa wachache waliostahili. Nimeona miradi ikianza kinyume chake, kwa kusomesha jenomu za kila koloni (kidoa cha bakteria wa ukoo mmoja) lililoota, na kuishia na mafaili mengi ya bakteria yule yule.

Mahali pa kuchukua udongo

Mkoa wa Mwanza unampa mtafutaji faida ambayo wengi hawaitumii. Ukishuka kutoka kwenye miamba ya matale iliyo juu ya kilima hadi kwenye bonde linaloelekea ziwani, ndani ya kilomita moja au mbili utavuka aina kadhaa za udongo, na wakulima wa Kisukuma wana jina la kila aina: luseni ni udongo wa kichanga ulio karibu na miamba, ibushi ni udongo mweusi wenye chokaa, na mbuga ni ule mfinyanzi mzito wa bondeni unaopasuka wakati wa kiangazi. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, Tanga, katika miaka ya 1930, ndiye aliyeueleza kitaalamu mpangilio huu wa udongo wa Afrika Mashariki unaobadilika kufuata mteremko. Kwa kazi yetu, mteremko mmoja wa Ilemela, Misungwi au Magu, ukichukuliwa sampuli juu, katikati na chini, unafaa kuliko sampuli nyingi zilizookotwa ovyo pembeni mwa barabara.

Bakteria wa jenasi ya Streptomyces hupenda udongo wenye hewa, usio na tindikali kali, na wenye mabaki ya mimea. Ibushi na udongo wa shamba uliopumzishwa kwa kawaida huwa na wengi, ilhali mbuga iliyojaa maji ya masika huwa na wachache. Tope la kwenye mafunjo ya ziwani lisidharauliwe, kwa sababu huko hupatikana jamaa zao wa jenasi ya Micromonospora, iliyotupatia gentamisini, ingawa hao huota polepole na humchosha mtu asiye na subira. Kwa anayeanza, ningemshauri abaki nchi kavu.

Yapo maeneo ya kuepukwa kabisa. Usichukue udongo mahali ng'ombe walipokufa ghafla au walipozikwa, kwa sababu spora za kimeta hukaa ardhini miaka mingi, na joto tutakalotumia baadaye kukausha sampuli haliziui. Epuka pia udongo wa karibu na mabanda ya kuku na ule wa mialoni penye mabaki ya samaki, kwa kuwa sahani zako zitafunikwa na bakteria waotao haraka kabla wale unaowatafuta hawajaonekana. Unapolazimika kufika ukingoni mwa maji, vaa mabuti ya mpira, kwani kichocho bado kipo katika ziwa hili, na usiingie kwenye mafunjo bila mwenyeji anayejua viboko wanakopitia.

Ruhusa ni sehemu ya kazi. Mwenye shamba aombwe, serikali ya mtaa au ya kijiji ijulishwe, na utafiti usajiliwe kwa utaratibu wa chuo na wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, hivyo hata kijiko kimoja cha udongo wake kinahitaji kibali. Ikiwa DNA itapelekwa kusomwa nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli utiwe saini kabla ya kifurushi kuondoka, na ueleze wazi ni nani atakayekuwa na haki juu ya kitakachogunduliwa.

Kuchukua sampuli kwenyewe ni kazi fupi. Ondoa majani ya juu, chimba kwa mwiko uliofutwa kwa spiriti ya asilimia 70, na uchukue udongo wa kina cha sentimita 5 hadi 15. Udongo mkavu utie kwenye bahasha ya khaki, nalo tope ulitie kwenye chupa iliyotakaswa. Juu ya bahasha andika namba, tarehe, majira ya GPS, kina, aina ya udongo na mmea uliokuwa juu yake.

Kuwaotesha

Tandaza udongo kwenye karatasi safi kivulini kwa muda wa wiki moja. Bakteria wengi wa kawaida hufa kwa kukaukiwa, lakini spora za Streptomyces hustahimili. Baadhi ya watu huongeza saa moja ndani ya oveni ya nyuzi joto 60, na wengine huchanganya gramu 10 za udongo na gramu 1 ya kalsiamu kaboneti, wakauacha mchanganyiko ukiwa na unyevu kidogo kwa siku 7 hadi 10 ili spora zijitokeze kwa wingi. Njia hii ya pili inafaa sana kwa luseni, ambao huwa hauna vitu vingi.

Chakula cha kuoteshea ninachokipendekeza ni aga (jeli inayotokana na mwani) ya wanga na kaseini, kwa sababu bakteria wengi waotao haraka hawaupendi wanga mtupu. Kwa lita 1 ya maji yaliyochujwa utahitaji wanga gramu 10, kaseini gramu 0.3, potasiamu naitreti gramu 2, chumvi ya kawaida gramu 2, dipotasiamu fosfeti gramu 2, magnesiamu salfeti gramu 0.05, kalsiamu kaboneti gramu 0.02, feri salfeti gramu 0.01 na aga gramu 18, kisha urekebishe pH iwe kati ya 7.0 na 7.2. Baada ya kutakaswa na kupoa hadi unaweza kuishika chupa kwa mkono, ongeza nistatini mikrogramu 50 kwa kila mililita ili kuzuia kuvu, na asidi ya nalidiksiki mikrogramu 20 kwa kila mililita ili kupunguza bakteria wengine. Nistatini haiwadhuru Streptomyces, kwa sababu hushambulia steroli zilizo katika utando wa seli za kuvu, ambazo bakteria hawana.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani havilitaji. Uso wa Ziwa Viktoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ya Mwanza ni ndogo kuliko ya Dar es Salaam. Maji huchemka hapa kwenye nyuzi joto 96 hivi. Otoklevu ndogo au jiko la presha, ambalo geji yake husoma kanieneo inayozidi ile ya nje tu, litafika karibu nyuzi joto 119 badala ya 121 hata pale mshale unapoonyesha paundi 15. Ongeza muda kutoka dakika 15 hadi 20 au 25, la sivyo utalaumu hewa ya chumba kwa uchafu uliotoka kwenye chupa yako mwenyewe.

Changanya gramu 10 za udongo na mililita 90 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85, utikise kwa nusu saa, kisha uzimue mara kumi kumi hadi ufike moja kwa laki moja. Mwaga mililita 0.1 ya mzimuo wa elfu moja, elfu kumi na laki moja kwenye sahani, usambaze, na uziache sahani kwa siku 7 hadi 14 katika nyuzi joto 28. Wasio na inkubeta wasihofu, kwa kuwa kabati lililofungwa katika chumba cha Mwanza halitofautiani sana na joto hilo kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Mnamo siku ya tano au ya sita utaanza kuwatambua. Koloni la Streptomyces huanza kama kidoa kigumu, kikavu, kilichong'ang'ania aga. Ukikigusa kwa kitanzi cha waya hakichoteki kama ute, bali huteleza kizima au hung'oka na kipande cha aga. Siku chache baadaye juu yake huota unga mweupe unaogeuka kijivu, waridi au kijani hafifu, ambao ni spora. Baadhi hutoa matone madogo ya kimiminika cha rangi yanayokaa juu ya koloni kama jasho, na wengine huitia rangi aga iliyo chini yao. Ukiinua kifuniko, harufu ya mvua ya kwanza ya vuli itakufikia bila wewe kusogeza pua, na usiisogeze; harufu hiyo hutokana na kemikali iitwayo jeosmini, ambayo karibu kila Streptomyces huitengeneza.

Chagua makoloni yanayotofautiana kwa rangi ya juu, rangi ya chini na umbo, uyahamishie kwenye aga ya ISP2, ambayo kwa lita 1 ina dondoo ya hamira gramu 4, dondoo ya kimea gramu 10, glukosi gramu 4 na aga gramu 20. Rudia kuwachora, yaani kuwasambaza kwa kitanzi kwenye sahani mpya, hadi sahani nzima iwe na sura moja. Usafi wa hatua hii ndio utakaoamua kama jenomu itasomeka.

Kupima kama wanaua

Tumia bakteria wa majaribio wasio na madhara, kama Bacillus subtilis na Micrococcus luteus, waliopatikana kutoka kwenye hifadhi inayotambulika. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaokimbilia kuomba bakteria sugu kutoka maabara ya hospitali ili matokeo yaonekane mazito, ilhali maabara zao hazina ulinzi wa kushughulika na vimelea hao. Kama mradi utafika mbali, kipimo hicho kitafanywa baadaye na maabara yenye sifa, na Mwanza zipo.

Otesha Streptomyces wako kwenye ISP2 kwa siku 7 hadi 10, ukate vipande vya duara vyenye upana wa milimita 6 kwa bomba lililotakaswa, na uviweke juu ya sahani ya aga ya Mueller-Hinton iliyopakwa bakteria wa majaribio muda huo huo. Weka pia kipande cha ISP2 kisichooteshwa kitu. Acha sahani kwenye jokofu kwa saa chache ili kemikali ipenye, kisha uihamishie kwenye joto hadi kesho yake, na upime upana wa duara lililobaki tupu kuzunguka kila kipande.

Duara hilo lisomwe kwa tahadhari. Linakuambia kwamba kitu fulani kimetoka kwenye kipande na kuzuia uotaji. Halikuambii ni kitu gani. Ukubwa wake pia hudanganya, kwa kuwa kemikali ndogo yenye kuyeyuka upesi husafiri mbali hata ikiwa dhaifu, na kemikali kubwa yenye nguvu huweza kubaki karibu na kipande. Rudia kila kipimo angalau mara tatu, na uwaache wale ambao matokeo yao hayajirudii. Wala usiwatupe wasioua chochote. Wagandishe, kwa sababu nitakazozieleza.

Kabla ya kulipia jenomu

Soma kwanza jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo na hutumika kuwatambua, yenye urefu wa besi (herufi za DNA) 1,500 hivi, kwa kila aliyebaki. Gharama yake ni ndogo. Jeni hii haitoshi kutofautisha spishi za Streptomyces, kwani nyingi hufanana kwa zaidi ya asilimia 99, lakini itakuonyesha ni yupi si Streptomyces kabisa na ni wepi walio pacha. Kati ya mapacha wenye rangi ile ile na duara lile lile, mchukue mmoja.

DNA ya Streptomyces haitoki kirahisi. Nyuzi zake huota kwa madonge, na ukuta wa seli ni mnene. Zioteshe kwenye mchuzi wa TSB (mchuzi wa kaseini na soya) unaotikiswa kwa siku mbili hadi tatu, ukiongeza glisini ya asilimia 0.5 ili kuudhoofisha ukuta, kisha uzivune kabla hazijaanza kutoa rangi. Ziloweke katika lisozimu, kimeng'enya kinachovunja ukuta wa seli, kwa nyuzi joto 37 hadi kimiminika kianze kuwa kizito, ndipo uongeze proteinesi K (kimeng'enya cha kuvunja protini) na SDS (sabuni ya kupasua seli). CTAB, sabuni nyingine ya maabara, husaidia kuondoa sukari nata zinazoganda pamoja na DNA. Tangu hapo usitikise kwa nguvu wala usipitishe kwenye ncha nyembamba ya pipeti, kwa kuwa tunahitaji nyuzi ndefu. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa ule wa 280, ambao huonyesha usafi wa DNA, uwe karibu 1.8.

Urefu huo una sababu. Viuavijasumu vingi hutengenezwa na vimeng'enya vikubwa mno vyenye sehemu zinazojirudia, hivyo jeni zake nazo hujirudia. Mashine za vipande vifupi, vya besi 150 hadi 300, hushindwa kujua kipande fulani kinatoka kwenye mrudio upi, na programu ya kuunganisha vipande hulikata fungu la jeni (jeni jirani zinazoshirikiana kutengeneza kemikali moja) mahali pale pale ulipotaka kupasoma. Mashine za vipande virefu, kama MinION ya Oxford Nanopore inayoshikika mkononi, huvuka mirudio hiyo. Udhaifu wake ni makosa madogo ya besi moja kuzidi au kupungua, ambayo hupotosha usomaji wa jeni nzima, na ndiyo maana wenye uwezo huongeza vipande vifupi vya kusahihishia. Kwa jenomu ya besi milioni 9, kusoma kila mahali mara 50 kunahitaji data ya besi milioni 450.

Kuisoma jenomu

Unganisha vipande kwa programu kama Flye, usahihishe, kisha uangalie mambo matatu kabla ya kufurahia chochote. Ukubwa uwe kati ya besi milioni 6 na 12, na kwa kawaida huwa milioni 8 hadi 10. Kiasi cha besi za G na C kiwe asilimia 70 hadi 73 hivi. Ukiona sehemu yenye asilimia 44, huenda umesoma Bacillus aliyejificha ndani ya koloni lako. Programu ya CheckM nayo ikuonyeshe kwamba jeni za lazima zipo karibu zote na kwamba uchafu hauzidi asilimia chache. Usihangaike kutafuta kromosomu ya duara, kwa kuwa kromosomu ya Streptomyces ni mstari wenye ncha mbili, tofauti na ya bakteria wengi, na ncha hizo hufanana kiasi cha kuitatiza programu.

Jenomu ya kulinganishia ni ile ya Streptomyces coelicolor iliyochapishwa mwaka 2002: besi 8,667,507 na jeni 7,825 zilizokadiriwa, wakati E. coli ana jeni elfu nne na ziada. Kilichowashtua watafiti ni kwamba bakteria huyu, aliyekuwa amechunguzwa kwa miongo kadhaa na kufahamika kwa kemikali chache tu, alikuwa na mafungu ya jeni zaidi ya 20 ya kutengenezea kemikali za namna hiyo. Mengi yalikuwa yamelala. Ndiyo sababu nilisema wasioua chochote wagandishwe, kwani ukimya wa bakteria kwenye ISP2 hauthibitishi kwamba hana uwezo.

Peleka jenomu yako kwenye antiSMASH, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2011, ambayo hutafuta mafungu hayo na kuyalinganisha na yanayojulikana. Utapata orodha ya mafungu 20 hadi 40. Anza kwa kufuta. Fungu la jeosmini, la ektoini, la hopeni na la desferioksamini yamo katika karibu kila Streptomyces, na hayo si viuavijasumu vya kutafuta. Kisha tazama yanayofanana sana na streptomisini, streptothrisini au aktinomisini. Ikiwa duara lako kwenye sahani linaweza kuelezwa na mojawapo ya hayo, kuna uwezekano mkubwa umegundua upya dawa ya kale, na ni nafuu kulijua hilo sasa kuliko baada ya mwaka wa kuchuja kemikali.

Asilimia ya ufanano ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Ikiandikwa 40, maana yake ni kwamba sehemu hiyo ya jeni za fungu linalojulikana imepata mwenzake katika jenomu yako, na haisemi kwamba kemikali inafanana kwa asilimia 40. Fungu lenye asilimia ndogo huweza kuwa jipya kweli, huweza kuwa limekatwa kwenye ukingo wa kipande, au likawa mafungu mawili jirani ambayo programu imeyahesabu kama moja. Fungua picha ya kila fungu uangalie jeni moja moja: vimeng'enya vikuu vipo vizima? Ipo pampu ya kutolea kemikali nje? Ipo jeni ya usugu, yaani ile inayomlinda bakteria asijiue kwa sumu yake? Fungu lenye jeni ya usugu ndani yake ningelitanguliza mbele ya jingine lolote, kwa sababu kiumbe hajihami na kitu kisichomdhuru, na aina ya jeni hiyo mara nyingi hudokeza ni sehemu gani ya seli inayoshambuliwa.

Ukishachagua mafungu mawili au matatu, rudi kwenye meza ya maabara. Otesha bakteria huyo kwenye vyakula mbalimbali vya kuoteshea, ukibadilisha sukari, chanzo cha naitrojeni, chumvi, joto na muda, na kila mara urudie kipimo cha vipande, kwa sababu fungu lililolala kwenye ISP2 huweza kuamka kwenye unga wa soya na manitoli. Kinachoua kikishapatikana, kikamue kwa ethaili asetati, na upate uzito wa molekuli yake kwa mashine ya kupima masi, ambayo huenda ukalazimika kuiazima kwa ushirikiano na chuo kingine. Uzito huo ulinganishe na kemikali ambayo fungu lako lilitabiri.

Hifadhi spora katika gliseroli ya asilimia 20, mirija miwili kwa kila bakteria, kwenye friza mbili zilizo katika majengo tofauti, kwa kuwa umeme ukikatika wikiendi hakuna atakayekuwepo kuokoa mirija. Jenomu iweke GenBank, hazina ya umma ya data za DNA, ikiwa na majira ya GPS, kina na aina ya udongo kama ulivyoviandika kwenye bahasha, na mwenye shamba apewe nakala ya matokeo kwa lugha anayoielewa.